Wiki ya Mbalamwezi, Igombe

Mwezi umejaa, dagaa hawadanganyiki kwa taa.
Mitumbwi imelala ubavu mchangani
na mashine za Igombe nzima zinaletwa kwangu
nyeusi tii, kama masufuria ya msibani.

Leo ni ya Masatu. Farasi kumi na watano
tumewafunga juu ya kichanja cha mbao.
Leo wao ndio waliopanda.

Usiiguse, Bugumba. Imetoka majini sasa hivi,
bado inahema.
Sogeza kiganja karibu na kichwa chake, usikibandike.
Ukihisi joto kama la chapati iliyoepuliwa, ngoja.
Fundi asiye na subira hujulikana kwa vidole vyake.

Chomoa kamba ya kuzimia. Chomoa waya wa plagi.
Kabureta ifunge mdomo kwa mfuko wa nailoni,
ule uliopigwa marufuku; kazi halali iliyombakia ni hii.
Kaza kwa mpira wa tyubu.
Tangi la mafuta lipeleke kule, mbali,
mbali zaidi, Nyanjige anakaanga samaki.

"Leokadia," anasema Masatu, "tumia petroli.
Petroli inakula grisi kama moto."

Kama moto. Amesema mwenyewe.
Nakunja mkono wa shati, wa kushoto, hadi kiwiko.
Ngozi imejikunyata kama karatasi ya sukari iliyoloa.
Mwaka ule nilikuwa na haraka, na kopo la petroli,
na hatua nne kutoka kwangu mtu akawasha sigara.
Sikuona moto ukija. Niliuona umeshafika.

Masatu anatazama ziwa.

Basi: sabuni ya kipande iliyolowekwa usiku kucha,
maji ya uvuguvugu,
mswaki uliostaafu meno ya mtu.
Penye ukaidi, mafuta ya taa kidogo kitambaani,
hapa hapa nje, upepo ukitokea mgongoni.
Paka, subiri, sugua. Paka, subiri.
Usimwage ndoo kama unayeogesha ng'ombe.
Maji yana akili, yatatafuta waya.

Vua panga boi. Unaona?
Nyuzi za nyavu zimejisokota kwenye shafti
kama nywele kwenye kitana,
na mzizi mmoja wa gugu maji, bado mbichi,
uliosafiri kutoka Kayenze bila nauli.
Toa kwa koleo, usivute kwa kidole.

Na beseni lisisogee.
Hayo maji meusi hayaendi ziwani,
hata kama ziwa ni kubwa, hata kama wote wanamwaga.
Pale wanawake wanaosha dagaa,
na mtoto wa Kabula anakunywa kwa kiganja.
Yataingia kwenye dumu la bluu
na dumu nitalipeleka mwenyewe mjini, kwa wakusanya oili chafu,
nikinuka, konda akininunia.

Halafu, chini ya grisi ya miaka saba,
panatokea bolti.

Si ya mashine hii. Ni ya pikipiki,
imeingizwa kwa nyundo, imekaa upande,
na kichwani ina alama ya tindo
ninayoijua kama mwandiko wangu.

Ilikuwa jioni. Mteja amesimama.
Bolti yenyewe imepotea mchangani,
nikasema, itashika.
Na imeshika! Usiku wa giza baada ya usiku wa giza,
watu watano katikati ya maji
wamekalia neno langu moja.

Bugumba ameinua mswaki, povu linamchuruzika hadi kiwiko,
ananitazama.
Kopo la grisi lipo karibu na goti langu,
mfuniko wazi.

"Masatu," naita, "hebu sogea hapa."